Simu, kidole na daftari la wakala: faragha yetu mtandaoni, Tarime na Serengeti

Kuna swali ambalo nimeulizwa na watu tofauti, Sirari, Tarime mjini, Nyamongo mpaka Mugumu: "Hawa matapeli namba yangu wameitoa wapi?" Mama mmoja anayeuza dagaa stendi aliniuliza kwa hasira kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyewapa. Alikuwa amepokea ule ujumbe tunaoufahamu wote, unaomwambia ile hela aitume kwenye namba hii nyingine, jina litakuja fulani. Na siku hiyo kweli alikuwa anadaiwa na mtu wa Mwanza. Akaamini kuna watu wanasikiliza simu yake.

Jibu fupi ni kwamba hawamsikilizi. Ujumbe ule hautumwi kwa mtu mmoja, unatumwa kwa maelfu ya namba kwa mkupuo. Ni kama kokoro kule ziwani. Anayevuta kokoro hajui chini kuna sangara au sato, ila anajua akizungusha eneo kubwa hatatoka mikono mitupu. Wengi wataupokea, watatukana, watafuta. Lakini hawakosekani wachache ambao saa hiyohiyo wanajiandaa kumtumia mtu hela: ada, kodi ya chumba, mzigo wa mahindi, ng'ombe aliyenunuliwa kwa makubaliano ya simu. Hao ndio samaki. Tapeli hakuhitaji kujua lolote kuhusu yule mama. Alihitaji tu mama awe na haraka.

Ila kuna wizi wa pili, na huu ndio unaonifanya niandike leo. Huu si kokoro, ni ndoana. Anayepiga anakuita kwa jina lako lote matatu, anajua mtandao unaotumia, pengine anajua jana ulitoa kiasi gani. Huyo namba na jina vyako amevipata mahali, na mara nyingi mahali penyewe si kompyuta ya Ulaya. Ni hapahapa.

Chukua daftari la wakala. Unaenda kutoa hela, wakala anakusukumia daftari lake la miamala: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Wewe unaandika mstari wako, na juu ya mstari wako unaona majina ya watu kumi na tano waliopita kabla yako, na kila mmoja ametoa ngapi. Unamfahamu mmojawapo. Unajua sasa kwamba jirani yako ametoa laki nane saa tatu asubuhi. Kijana mwenye simu ya kamera akiinama sekunde mbili anaondoka na ukurasa mzima. Wakala anatakiwa kutunza kumbukumbu, sina ugomvi na hilo. Lakini kuna mawakala wawili watatu nimewaona ambao huweka kadi au kitambaa kufunika mistari ya juu, mteja anaona mstari wake tu. Haigharimu hata shilingi. Sioni kwa nini wote wasifanye hivyo, na sioni kwa nini sisi wateja tusiwaombe.

Halafu kuna vikundi vya WhatsApp. Michango ya harusi, michango ya msiba, wazazi wa darasa la saba, wenye mashamba ya bonde fulani. Ukiingizwa kwenye kikundi cha watu mia mbili, watu mia mbili wameipata namba yako, na katibu anabandika kila jioni orodha ya nani ametoa kiasi gani. Vijiji vinavyozunguka mgodi wa North Mara hali ni nyeti zaidi, maana kuna masuala ya fidia. Niliwahi kutumiwa picha ya orodha iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi moja, sitaitaja, ina majina, namba za simu na kiasi ambacho kila mtu anategemea kulipwa. Aliyenitumia naye alikuwa ametumiwa. Hebu fikiria picha hiyo imefika kwa mtu anayeishi kwa kupiga simu na kusema "mimi ni afisa wa benki, malipo yako yamekwama". Kazi yake umeshamfanyia.

Kuhusu wanakokaa hawa jamaa, tusidanganyane kwamba wako Nigeria. Takwimu ambazo TCRA imekuwa ikizitoa kila robo mwaka kuhusu laini zilizofungiwa kwa utapeli zimeonyesha mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro ikiongoza. Wenzetu ng'ambo ya mpaka wana eneo la Mulot, Bonde la Ufa, ambalo kwa Wakenya jina lake limekuwa kama msemo wa wizi wa laini za simu, na wana simulizi za wafungwa wa Kamiti wanaopiga simu za kitapeli wakiwa gerezani. Sisi wa Sirari tunakula pande zote mbili, maana tunatembea na laini ya huku na ya Safaricom, na hela inavuka mpaka kwa simu kuliko inavyovuka kwa gari. Ukipokea ujumbe wa kitapeli kwenye laini ya Tanzania, itume namba ya huyo tapeli kwenda 15040. Ni huduma ya TCRA kwa kazi hiyo. Watu wengi wanaishia kutukana, na kutukana hakufungi laini.

Sasa tuje kwenye kidole. Mnakumbuka zile foleni za mwisho wa 2019. Serikali iliamuru laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mwisho ukawa 31 Desemba 2019, ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Vijana wenye mashine ndogo walikuwa chini ya kila mwavuli. Nia ilikuwa kwamba kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Nia nzuri. Lakini usajili huu ulileta mlango mpya: msajili asiye mwaminifu anakwambia "kidole hakijasoma, weka tena", na tena, na tena. Mara ya kwanza kilisoma. Hizo nyingine anaweza kuwa anasajili laini nyingine kwa jina lako, halafu anaiuza. Laini hiyo ikitumika kutapeli mtu Geita, jina linalotokea ni la kwako wewe bibi wa Nyamwaga ambaye hujui hata kutuma ujumbe. Polisi wanaanza na jina.

Dawa yake ipo na ni ya bure. Piga *106#. Fuata maelezo, utaona namba ambazo zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho chako, waambie waiondoe. Mfanyie na mama yako, mfanyie na babu. Wazee ndio wanaosajiliwa laini za watu wengi, kwa sababu hawaulizi mara ngapi wameweka kidole.

Na kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui, cha kuhamisha simu zinazoingia. Mtu anakupigia, anajifanya huduma kwa wateja, anakwambia piga nyota ishirini na moja nyota halafu namba fulani halafu reli. Ukifanya hivyo simu zote zinazokuja kwako zinaelekezwa kwake, zikiwemo zile za mashine zinazosoma namba za siri za kufungulia akaunti. Kukagua, piga *#21#. Ukiona simu zako zimeelekezwa mahali usipopajua, piga ##002# na kila uelekezaji unafutika. Hii inafanya kazi hata kwenye kitochi.

WhatsApp nayo inaibiwa kwa njia rahisi mno hadi inakera. Ndugu yako anakuandikia: "Samahani shemeji, nimetuma namba sita kwako kwa bahati mbaya, naomba unirudishie." Ni kweli ni namba ya ndugu yako, kwa sababu ya kwake ilishaibiwa jana. Zile tarakimu sita ndizo WhatsApp inazozituma pale mtu anapotaka kuifungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Ukimpa, umempa ufunguo. Dakika kumi baadaye wewe umetolewa, na yeye anawaomba hela watu wote unaofahamiana nao kwa jina lako na picha yako. Kinga: ingia kwenye mipangilio, kwenye akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba yako ya siri ya tarakimu sita ambayo unaijua wewe peke yako. Hapo hata akipata zile za ujumbe, anakwama kwenye hii ya pili. Fanya leo kabla hujalala, mura, inachukua dakika moja.

Sitaki kuwatia watu hofu ya kompyuta zisizojulikana wakati mlango wenyewe uko wazi steshenari. Tunajua utaratibu. Kijana amemaliza kidato cha sita, anaenda mjini kuomba mkopo wa Bodi, au kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Hana barua pepe. Dada wa steshenari anamfungulia, anachagua neno la siri yeye, mara nyingi jina la mteja na 123, anaandika kwenye daftari lake "ili usisahau". Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA, vyote vinaskaniwa na kubaki kwenye folda ya kompyuta ile, pamoja na vya wengine mia tatu. Yule dada si mwizi. Mie nawaheshimu sana hao watu, bila wao nusu ya vijana wa Serengeti wasingeomba chochote. Lakini kompyuta ile inatumiwa na kila anayeingia, na siku ikiuzwa inauzwa na folda yake. Kwa hiyo: ukitoka pale, ukifika nyumbani badilisha neno la siri kwa simu yako. Kabla ya kutoka mwombe afute faili zako mbele yako, na zile zilizo kwenye kapu la taka pia. Na uhakikishe ametoka kwenye akaunti yako, si kufunga dirisha tu.

Tukiacha hayo, kuna hii mikopo ya kwenye simu. Unapakua programu, dakika tano una elfu hamsini. Wengi wanajadili riba, na riba kweli ni ya kunyonya, lakini mimi nataka tuangalie kile ulichobonyeza "kubali" wakati unaifungua. Programu iliomba kusoma majina yote kwenye simu yako. Iliomba kusoma ujumbe wako, picha zako, mahali ulipo. Ukakubali kwa sababu bila kukubali haiendelei. Hiyo ndiyo dhamana uliyoweka, na ni dhamana kubwa kuliko shamba. Ukichelewa siku mbili, wanaanza kuwaandikia watu wako wote: fulani ni tapeli, amekuweka wewe kama mdhamini, mwambie alipe. Namjua mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye ujumbe wa namna hiyo ulimfikia mama mkwe wake. Anayejua heshima ya mkwe huku kwetu anaelewa kwamba yule mwalimu asingependa kitu kingine chochote duniani kitokee kuliko hicho. Deni lilikuwa dogo kuliko bei ya mbuzi.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ambazo zilikuwa zinafanya kazi bila leseni. Orodha ni jambo jema, ingawa programu kama hizi hubadilisha jina upesi kama mtu anayebadilisha shati. Kipimo changu ni rahisi: mkopeshaji wa kweli anataka kujua kama utalipa, hataki kujua namba ya mkwe wako. Programu inayong'ang'ania majina ya kwenye simu, achana nayo. Na kama umeshaiweka, kuifuta peke yake hakurudishi majina iliyokwisha kuyachukua, ila unaweza kwenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, ukaizuia isiendelee kuchukua mapya kabla ya kuifuta.

Na hapo sheria inatusaidiaje? Katiba yetu, ibara ya 16, imelinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake siku nyingi. Lakini kwa miaka mingi hapakuwa na sheria ya kina ya kuitekeleza. Tulipata kwanza Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inagusa wizi na uingiliaji wa mifumo, ingawa wengi tunaifahamu zaidi kwa watu waliofikishwa mahakamani kwa walichoandika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikaja 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Sheria hii inasema anayekusanya taarifa zako akwambie anazikusanya za nini, asizitumie kwa jambo jingine, azitunze salama, na wewe una haki ya kuuliza ana nini kuhusu wewe na kulalamika kwa Tume. Inawahusu kampuni kubwa, na inazihusu pia taasisi zetu hizi, hospitali, shule, saccos. Taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Shikeni hilo la watoto, nitalirudia.

Kabla ya hapo niseme kuhusu wakubwa, maana ukizungumzia matapeli peke yao umesema nusu. Simu yoyote iliyowashwa, hata kitochi, hata kama hupigi, inazungumza na mnara ulio karibu. Lazima, la sivyo mtandao usingejua pa kukupelekea simu inayoingia. Kwa hiyo kampuni ya simu inajua kila wakati uko karibu na mnara upi. Tarime mjini minara imesogeleana, basi inajua mtaa. Ukielekea pori la Serengeti mnara mmoja unahudumia eneo pana, inajua kwa kukisia. Hakuna namna ya kuzima hili isipokuwa kuzima simu yenyewe au kuiweka kwenye hali ya ndegeni, na hapo hupokei simu.

Hilo lina uzito gani? Tundu Lissu, ambaye watu wa Nyamongo wanamkumbuka tangu alipokamatwa Tarime Mei 2011 kufuatia mauaji ya wanavijiji mgodini, alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika kuhusu kesi ya kazi iliyokuwa London, iliyofunguliwa na aliyekuwa mpelelezi wa ndani wa kampuni ya Millicom, iliyokuwa inamiliki Tigo wakati ule. Kwa mujibu wa nyaraka za kesi hiyo, katika wiki zilizotangulia shambulio, taarifa za simu za Lissu na mahali alipo zilikuwa zinapelekwa serikalini. Mpelelezi huyo alidai alifukuzwa kwa kulisemea jambo hilo. Sitakwenda mbali zaidi ya hapo, kila mtu asome na kupima. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba hakuna aliyedukua simu ya Lissu. Hakubonyeza kiungo kibaya, hakutoa namba ya siri. Taarifa zilikuwa pale kwa sababu simu ndivyo inavyofanya kazi, na kilichobaki kumlinda ni uaminifu wa anayezitunza. Kwa upande wa pili kuna Maxence Melo wa JamiiForums, aliyekamatwa Desemba 2016 na kupelekwa mahakamani baada ya kukataa kuwakabidhi polisi taarifa za watumiaji wake. Nyumba ni moja, wanaoshika funguo ndio wanatofautiana.

Na wenye dola nao wanaibiwa. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao wa X ilivamiwa na kuwekwa mambo machafu na habari za uongo. Mtandao wa X ukafungwa nchini siku hizohizo, na watu wakakimbilia kupakua VPN za bure. Kwa ufupi: VPN inaficha unachofanya kwa kampuni ya simu, lakini yenyewe inaona kila tovuti unayokwenda. Umehamisha siri kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Ile ya bure kabisa isiyojulikana mwenyewe, jiulize inalipiaje mitambo yake. Na mjue pia kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kutaka wanaotumia VPN wazisajili, kwa hiyo si jambo la kucheza nalo bila kujua.

Narudi kwa watoto. Hapa ndipo kwangu kuna maana zaidi, na kusema kweli hayo mengine yote ya hela yanaweza kusubiri.

Kila mtu wa Tarime na Serengeti anajua Desemba ni mwezi gani, hasa ule mwaka unaogawanyika kwa mbili. Sheria imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu 1998, na bado wazee wa mila wanatangaza msimu na ngoma zinapigwa. Wasichana wanaokimbia wanakwenda Masanga, au Mugumu kwenye nyumba salama ya Hope for Girls and Women inayoongozwa na Rhobi Samwelly. Na hapa teknolojia imefanya kazi nzuri sana ambayo haisemwi vya kutosha. Miaka ya nyuma ilikuwa msichana anapiga simu usiku, anataja kitongoji, na waokoaji hawajui njia kwa sababu hakuna ramani iliyo na kitongoji hicho. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza 2015, uliwakusanya watu wa kujitolea duniani kote kuchora barabara na nyumba za Mara kutoka kwenye picha za satelaiti na kuziweka kwenye OpenStreetMap, na watu wa vijijini wakaongeza majina yao wenyewe. Vijijini kuna watu wenye simu za kisasa wanaotoa taarifa binti fulani yuko hatarini. Ramani ile imefupisha safari ya usiku.

Lakini simu ileile inayomwokoa ndiyo inayoweza kumrudisha. Anayemtafuta binti si mdukuzi wa kompyuta. Ni mjomba mwenye Facebook. Ni kaka aliyeko Dar anayeona picha kwenye kikundi cha ukoo. Nimeona kwa macho yangu picha za wasichana wamepanga mstari mbele ya wageni, wameshika vyeti, nyuso zinaonekana zote, chini kimeandikwa kijiji wanachotoka. Aliyepiga ana nia njema, anataka wafadhili waone kazi. Ila picha haizeeki. Binti anarudi nyumbani Januari baada ya wazazi kusaini makubaliano, na picha inamtangulia: huyu ndiye aliyetuaibisha. Miaka sita baadaye anachumbiwa, mtu anaitoa tena. Hakuulizwa. Na hata angeulizwa, mtoto wa miaka kumi na mbili aliyekimbia jana usiku akiwa na gauni alilovaa tu, anamkatalia nani?

Ndiyo maana nilisema tulishike lile la taarifa nyeti. Uso wa binti yule, jina lake, kijiji chake na sababu iliyompeleka pale, vyote kwa pamoja ni taarifa ya mtoto kwa maana kamili ya sheria. Inamhusu mwandishi wa habari, inamhusu diwani anayekuja kupiga picha, inamhusu polisi, inamhusu na mgeni wa Ulaya mwenye kamera nzuri. Piga migongo. Piga mikono inayoshona. Piga darasa kutoka nyuma. Habari haipungui utamu.

Na jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui: simu ya kisasa ikiwa imewashwa mahali ilipo, kila picha inaandikwa ndani yake vipimo vya pale ilipopigwa, kwa hatua chache tu za makosa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida vipimo hivyo vinaondolewa. Ukiituma kama faili, ili isipungue ubora, vinakwenda navyo. Mtu aliyekutumia picha ya binti aliyefichwa kwa jirani mwema amekutumia na nyumba ya jirani. Kwenye kamera ya simu kuna mpangilio wa kuzima kuandika mahali. Wote wanaofanya kazi hii wauzime moja kwa moja.

Walimu mnaosoma hapa, ninyi ndio mnaoazimwa simu. Binti anaweza kupiga 116, ile namba ya bure ya huduma kwa mtoto, kwa mtandao wowote. Mara nyingi hana simu, anatumia ya mama, ya shangazi, ya dukani. Mfundisheni mambo mawili pamoja na namba yenyewe. Akimaliza kupiga afute kwenye orodha ya simu zilizopigwa, maana kitu cha kwanza kinachoangaliwa asubuhi akikosekana ni hiyo orodha. Na kama alikuwa ameingia Facebook au WhatsApp kwenye simu ya mtu mwingine, atoke. Kwenye WhatsApp kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Akikuta pale kompyuta au simu asiyoijua, kuna mtu anasoma kila anachoandika, na anaweza kumtoa hapohapo kwa kubonyeza mara moja. Akishafika salama, laini yake ya zamani aizime mpaka wenye nyumba wamwambie vinginevyo, na asiweke picha mpya ya wasifu.